Mfagizi wa Canton aliyechoka kukohoa

Kama umewahi kufagia zulia la manyoya mchana, jua likiingia dirishani, unajua ninachotaka kusema. Vumbi haliendi popote. Linapanda juu, linacheza kwa ule mwanga, halafu linarudi taratibu kukaa pale pale lilipokuwa. Tofauti ni moja tu: sasa kiasi chake kiko ndani ya kifua chako.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kibarua cha kwanza nilichopata kilikuwa kufagia ofisi katika jumba moja hapa Nairobi. Kila usiku nilirudi keja nikikohoa kama mzee wa tumbaku. Nilijiambia ni baridi. Lakini nyumbani naishi na dadangu mdogo, na yeye ana pumu ya kweli, ile ya kutembea na pampu kwa mkoba. Kwa hivyo mshahara wa tatu ulipoingia, nilijitoa mhanga, nikanunua kifyonza vumbi. Vakyumu, kama tunavyoiita mtaani. Nilichagua chenye namba kubwa kuliko zote kwa boksi: wati 2000. Nikajua nimeua.

Usiku huo huo tulikesha hospitalini. Niliwasha ile mashine kwa saa moja, nikasafisha zulia lote, na dadangu akashindwa kupumua.

Wiki kadhaa baadaye ndipo nilisoma habari za jamaa mmoja Mmarekani aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita, nikaelewa nilikosea wapi. Jina lake ni James Murray Spangler. Alikuwa mfagizi kama mimi. Alikuwa na pumu kama dadangu. Na kifyonza vumbi chochote cha umeme unachokiona dukani leo kina kitu kilichoanzia mikononi mwake.

Mzee wa kujaribu na kuanguka

Spangler alizaliwa tarehe 20 Novemba 1848 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, na akakulia Ohio, jimbo jirani. Hakuwa injinia wa kusomea. Alikuwa mtu wa kuuza bidhaa, mtu wa kuhangaika huku na kule kutafuta riziki, lakini kichwa chake hakikutulia. Akiona kazi inafanywa kwa shida, alianza kufikiria mashine ya kuifanya.

Mwaka wa 1887 alipata hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, kwa mashine ya kuvunia nafaka. Mwaka wa 1893 akapata nyingine ya mashine ya kukusanya na kugeuza nyasi kavu shambani. Mwaka wa 1897 akaja na kigari cha kuendeshwa kwa miguu. Ukisikia hivyo utadhani jamaa aliogelea kwa pesa. Wapi! Hakuna hata moja iliyomtoa. Hati zilikuwa kabatini, njaa ilikuwa mezani, na miaka ilikuwa inakwenda. Alikuwa na mke, Elista, na watoto watatu.

Kufikia mwaka wa 1907 Spangler alikuwa anakaribia miaka 60. Katika umri ambao wenzake walikuwa wanafikiria kupumzika, yeye alichukua kazi ya kufagia duka kubwa la Zollinger katika mji wa Canton, Ohio. Ndio, yule mwenye hataza tatu, sasa na ndoo na fagio.

Nalisema hili polepole kwa sababu najua wasomaji wa safu hii. Wengi wetu tuko na miaka 24 na tayari tunajiona tumechelewa. Kila ukifungua simu kuna rika lako amenunua gari. Spangler alikuwa mfagizi akiwa na miaka 58, na kazi ambayo dunia ingemkumbukia alikuwa hata hajaianza.

Swali la mtu anayekohoa

Duka lile lilikuwa na mazulia mengi. Kifaa alichopewa kilikuwa kile cha kusukuma kwa mkono, chenye brashi zinazozunguka chini na kusomba takataka. Kilisomba makombo vizuri, lakini vumbi laini kilirusha hewani. Na Spangler, mwenye pumu, ndiye alikuwa amesimama juu ya hilo vumbi, akiinama, akivuta pumzi. Kila usiku wa kazi ulikuwa vita na kifua chake.

Angeweza kuacha kazi. Lakini wewe mwenye kodi unajua kuacha kazi si rahisi namna hiyo. Badala yake alijiuliza swali ambalo sisi tunaonunua mashine dukani huwa hatuulizi. Hakujiuliza namna ya kuondoa uchafu kwa zulia pekee. Alijiuliza vumbi linaenda wapi baada ya kutoka kwa zulia.

Akaanza kuokoteza. Alichukua mota ndogo ya feni ya umeme, akaifunga ndani ya kisanduku. Akaunganisha mota na brashi ya mviringo kwa mkanda, ili brashi izunguke na kutikisa vumbi lililojificha katikati ya nyuzi. Feni ikavuta lile vumbi na kulisukuma nyuma. Kwa mpini, akatumia mpini wa fagio. Na kule nyuma, hewa inapotokea, akafunga foronya ya mto.

Hiyo foronya ndiyo ninayotaka uikumbuke. Hewa ilipita katikati ya nyuzi zake ikatoka, vumbi likabaki ndani. Hakuhitaji maabara wala ufadhili. Alihitaji tu kujua kwamba hewa iliyoingia ni lazima itoke, na kwamba kabla haijatoka ni lazima ichujwe.

Ukiangalia vizuri, ile mashine ya kuokoteza ilikuwa na mambo yote matatu: brashi ya kutikisa, feni ya kuvuta, mfuko wa kuchuja. Vile vya leo vimevaa plastiki ya kung'aa na taa za bluu, lakini ndani bado ni brashi, feni na chujio.

Kwani hakukuwa na vingine?

Vilikuwako, tuwe wakweli. Kule Uingereza, injinia Hubert Cecil Booth alikuwa ametangulia. Mwaka wa 1901 alikwenda London kuona maonyesho ya mashine iliyosafisha kwa kupuliza hewa. Ilipuliza vumbi kwa nguvu ikitarajia liangukie kisandukuni, na nyingi likatua tena kwa viti. Booth aliona afadhali hewa ivutwe badala ya kupulizwa. Ili kuhakikisha, aliweka kitambaa kwa kiti cha mkahawa, akaweka mdomo, akavuta pumzi. Alipogeuza kitambaa, upande wa chini ulikuwa mweusi wa vumbi. Alikuwa amepata jibu, na kikohozi juu.

Shida ya Booth ilikuwa ukubwa. Mashine yake iliendeshwa kwa injini ya petroli na kuvutwa na farasi. Iliegeshwa barabarani, halafu wafanyakazi wakapitisha mipira mirefu madirishani hadi ndani ya nyumba. Mwaka wa 1902 ilisafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey kabla ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Matajiri waliipenda sana. Lakini mtu wa kawaida hawezi kuita gari la farasi kila Jumamosi kuja kufyonza sebule.

Spangler alileta mashine ambayo mtu mmoja anaweza kuisukuma peke yake, ndani ya nyumba yake, kwa soketi ya ukutani. Tarehe 2 Juni 1908 serikali ya Marekani ilimpa hataza ya mashine hiyo. Hii ilikuwa ya nne katika hadithi yetu, na hii haikukaa kabatini.

Jina lilikwenda, jasho likabaki

Spangler aliacha kufagia, akaanzisha kampuni ya kuunda hizo mashine. Alisaidiwa na familia yake, wakiunda chache kila wiki. Lakini mtaji ulikuwa mwembamba. Kila aliyewahi kuanzisha kitu bila ganji anaijua hiyo hali: bidhaa ni kali, wateja wanaipenda, na wewe huna pesa ya kununua vifaa vya kuunda ya kesho.

Moja ya zile mashine ilifika kwa Susan Hoover, mwanamke aliyeifahamu familia ya Spangler. Aliitumia nyumbani, akashangaa, akamwambia mumewe. Mumewe, William Henry Hoover, alikuwa na kiwanda cha ngozi karibu na Canton, akiunda matandiko na hatamu za farasi. Na hapo alikuwa na tumbo joto, kwa sababu magari yalikuwa yameanza kuingia barabarani na aliona siku za farasi zinahesabika. Alihitaji biashara mpya. Spangler alihitaji pesa.

Mwaka wa 1908 Hoover alinunua biashara pamoja na hataza. Hapa ndipo watu wengi husema mzee aliibiwa. Si kweli kabisa. Spangler hakuchukua pesa za mkupuo na kwenda zake. Alibaki akifanya kazi na kampuni, akiendelea kuboresha mashine, na makubaliano yalimpa mrabaha kwa mashine zilizouzwa. Alikuwa amezeeka katika kubuni vitu visivyomlipa, na nadhani ndiyo maana safari hii alisoma karatasi vizuri kabla ya kuweka sahihi.

Mashine ya kwanza ya Hoover, ile ya 1908, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 18 na iliuzwa takriban dola 60, pesa nyingi sana wakati huo. Tena nyumba nyingi za Marekani bado hazikuwa na umeme. Ungeuzaje kitu kama hicho? Desemba mwaka huo Hoover alitangaza katika gazeti kubwa la Saturday Evening Post kwamba mtu anaweza kukitumia nyumbani kwa siku 10 bila malipo, halafu aamue. Barua zilipomiminika, alituma mashine kupitia duka lililo karibu na kila mwandishi, na maduka hayo yakageuka kuwa mawakala wake. Watu wakijaribu, wengi hawakutaka kurudisha.

Biashara ikakua, ikavuka bahari, hadi Uingereza neno Hoover likawa kitenzi cha kusafisha zulia. Watu wana-hoover nyumba zao. Hakuna anaye-spangler.

Spangler alifariki Januari 1915, akiwa na miaka 66. Mirabaha iliendelea kuingia kwa familia yake hadi hataza ilipoisha mwaka wa 1925. Jina lake halikuandikwa kwa boksi, lakini watoto wake walikula jasho la baba yao kwa miaka kumi baada ya yeye kuzikwa. Wewe unayeunda muziki, programu za simu au hata vichekesho vya mtandaoni, hebu tafakari hilo kabla hujauza kazi yako kwa pesa ya mara moja kwa sababu kodi imefika.

Sasa twende dukani naye

Kama Mzee Spangler angeandamana nasi hadi katikati ya jiji kununua kifyonza vumbi, nadhani angepita zile namba kubwa za mbele bila kuziangalia. Angezunguka nyuma ya mashine.

Kule nyuma au pembeni kuna tundu la kutolea hewa. Hapo ndipo mimi nilipigwa. Mashine yangu ilivuta vumbi kwa nguvu zote, halafu chujio lake, kipande cha sponji tu, likaachilia lile vumbi laini kabisa kurudi sebuleni. Vumbi ambalo lilikuwa limelala kwa zulia miezi mingi, mimi nililiamsha na kulipuliza kwa uso wa dadangu. Nilikuwa nimelipa pesa kurudia kosa la ile mashine iliyomkohoza Spangler.

Kwa hivyo cha kwanza ni chujio. Kama nyumbani kuna mtu wa pumu, mzio au mtoto mchanga, tafuta chenye chujio la HEPA. Chujio la kiwango hicho hunasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikromita 0.3, ndogo sana kuliko unavyoweza kuona. Lakini angalia pia kama mashine yenyewe imefungika vizuri, maana chujio zuri ndani ya mashine yenye nyufa ni kama mlango wa chuma kwa nyumba ya matundu.

Cha pili ni wati. Wati zinakuambia mashine inakula umeme kiasi gani, si inavuta vumbi kiasi gani. Tangu 2017 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuuza vifyonza vumbi vya kawaida vya nyumbani vinavyozidi wati 900, na bado nyumba zao ni safi. Mashine ya wati 2000 ukiitumia nusu saa imekula yuniti moja nzima ya tokeni. Ya wati 900 kwa muda huo huo haifiki nusu yuniti. Piga hesabu ya mwezi mzima.

Cha tatu ni sakafu. Brashi ya kuzunguka kama ya Spangler ni dawa ya zulia la manyoya, kwa sababu bila kutikiswa vumbi la ndani halitoki. Lakini kwa vigae au simenti, brashi hiyo hurusha mchanga pembeni badala ya kuuvuta. Kama una vyote viwili, tafuta ambayo brashi inazimika, au yenye vichwa viwili vya kubadilisha. Na kama keja yako ni vigae vitupu bila zulia hata moja, kusema kweli kitambaa chenye maji na ndoo vinakutosha. Weka pesa zako.

Cha nne ni mfuko. Vya kisasa vingi havina mfuko, vina kikombe cha plastiki unachomwaga. Vinaokoa pesa, lakini siku ya kumwaga wingu lote linapanda usoni. Mwenye pumu afadhali mfuko wa kutupa ukiwa umefungwa, au mtu mwingine amwage, tena nje. Kabla hujalipa, uliza kama mifuko na machujio ya mashine hiyo yanapatikana hapa hapa mjini. Wale wanaonunua mitumba ya kutoka ng'ambo wanajua uchungu wa kuwa na mashine nzima bila chujio la kubadilisha.

Cha tano ni nyumba yenyewe. Usiwe Booth. Yale mapipa makubwa ya kufyonza maji na vumbi ni mazuri kwa anayeosha magari au makochi ya watu kwa biashara. Wewe wa bedsita ghorofa ya tano bila lifti utalibeba mara mbili tu, kisha litakuwa meza ya televisheni. Vile vya betri ni vyepesi na vinapendeza, ila betri huchoka kadiri miaka inavyopita, kwa hivyo uliza bei ya betri mpya kabla hujauliza bei ya mashine.

Na cha mwisho, omba kujaribu. Hoover alikubali watu wajaribu siku 10 mwaka wa 1908. Muuzaji wa leo anayekataa kuchomeka mashine kwa dakika mbili anakuficha kitu. Nenda na kitambaa cheupe mfukoni. Mwombe afyonze vumbi kidogo sakafuni, halafu weka kitambaa pale kwa tundu la kutolea hewa. Kikibadilika rangi, mwambie asante na uende zako. Kikibaki cheupe usidhani umemaliza, kwa sababu vumbi baya zaidi halionekani, lakini angalau umefika mahali pa kuuliza habari za chujio.

Mimi nilifanya hivyo mara ya pili. Ilinichukua miezi saba kuweka akiba, na nilizunguka na kitambaa changu maduka manne, wauzaji wakinicheka. Nilichonunua ni kidogo, cha wati 800, rangi mbaya ya kahawia, na hakina taa hata moja. Kina mfuko na chujio la maana.

Mara ya kwanza nilipokiwasha nilimtuma dadangu kwa jirani, kwa woga. Alirudi baada ya saa moja, akakaa kwa zulia, akafungua vitabu vyake. Mimi nilikaa kwa kiti nikimsikiliza anavyopumua, nikisubiri ule mluzi wa kifua. Alimaliza kazi yake ya hesabu, akalala. Pampu ilibaki kwa mkoba usiku kucha.